HMS Ganges: makuruta wa miaka 15 walipandaje ule mlingoti, na mikunjo ya suruali ni ya nini?

mfasiri_wa_usiku
Wakuu, salaam. Nina kazi ya kuweka maandishi ya Kiswahili kwenye filamu fupi ya zamani kuhusu HMS Ganges, kituo cha Jeshi la Majini la Uingereza kilichokuwa Shotley, Suffolk, ambako vijana wa miaka 15 na 16 walifunzwa ubaharia hadi kilipofungwa 1976. Maneno ya msimulizi nayamudu, kinachonisumbua ni picha. Kuna mlingoti mrefu umesimikwa kwenye uwanja wa gwaride, umejaa vijana kama kunguru juu ya mwembe, na mmoja amesimama kileleni kabisa bila kushika kitu. Amekanyaga nini pale? Wanapandaje bila kuangukiana? Halafu suruali zao zina mikunjo ya kulala, si ya kusimama kama tulivyozoea. Pasi mbovu au makusudi? Na yule kuruta anayeshona jina lake kwa uzi mwekundu, ni adhabu?

serahangi
Mkuu, ule mlingoti ulisimikwa 1907. Una futi 143, karibu mita 43 na nusu. Kileleni pana kisahani chenye upana wa sentimita 28 hivi. Wao wanakiita kifungo, kama kile cha shati, na anayesimama hapo ndiye kijana wa kifungo. Si kweli kwamba hana anachoshika: katikati ya kisahani inachomoza fimbo ya kukinga radi, naye anaibana kwa magoti. Simamisha picha utaiona katikati ya miguu yake.

Kupanda kunaanzia kwenye ngazi za kamba zilizofungwa juu ya nyaya nene zinazoushikilia mlingoti. Hapa kuna kanuni ya mabaharia wote wa matanga: mikono inashika nyaya za kusimama, haishiki vidato vya kulala. Kidato kinaweza kukatika au kuteleza, tena aliye juu yako anakanyaga palepale ulipoweka vidole. Upande wa kupandia ni ule upepo unakotoka, ili upepo ukugandamize kwenye kamba badala ya kukubandua. Mifukoni kusiwe na kitu. Kisu kikidondoka kutoka mita 30, aliye chini hana pa kukimbilia.

Ukifika chini ya jukwaa la kwanza, ngazi inageuka. Inatoka nje, na wewe unapanda mgongo ukining'inia kuelekea ardhini. Panaitwa kiwiko cha shetani, na ndipo wengi walipoganda. Kinachowagandisha ni kujivuta kwa mikono mitupu: mikono inachoka haraka, vidole vinaanza kufunguka, hofu inaingia, basi. Anayepita vizuri huweka tumbo karibu na kamba, miguu ndiyo inasukuma, na mkono mmoja unatangulia kutafuta ukingo wa jukwaa. Kila kuruta alitakiwa apite hapo. Kifungo kilikuwa cha wachache, kwa sababu mita nne na ushee za mwisho ni nguzo tupu: unaparamia kama mnazi usiochongwa vidato.

Kuangukiana kunazuiwa na mpangilio. Wenye nafasi za juu kabisa ndio wanaotangulia kupanda, na wa chini ndio wanaotangulia kushuka, kwa hiyo hakuna anayempita mwenzake njiani. Wavu ulikuwepo chini, lakini usiuandike kama mkombozi. Anayeanguka akigonga foromali, yaani boriti ya kulala ya kufungia tanga, au waya kabla ya kuufikia, wavu unampokea akiwa amekwisha kuumia.

dobi_wa_mtoni
Mikunjo ni makusudi, tena ina hesabu: saba kwa mrefu, tano kwa mfupi. Utasikia kwamba saba ni zile bahari saba. Hadithi tamu, ila mimi naamini zaidi kabati. Ndani ya meli hakuna pa kutundika suruali, na bugaluu pana kama lile ukilikunja kama feni ya karatasi linakuwa kipande bapa kinachoingia kwenye kijikabati au mfuko.

Namna ya kupiga pasi: suruali inageuzwa nje ndani, mguu unalazwa bapa. Kitambaa ni sufu nzito, kwa hiyo pasi haikigusi moja kwa moja. Katikati unaweka kitambaa cha pamba kilicholowa kisha kikakamuliwa. Pasi ya moto ikigusa sufu inaacha mng'ao ambao hautoki tena. Mkunjo wa kwanza ukishakaa, wa pili upimwe kwa huo wa kwanza, usikisie kwa jicho. Nusu sentimita ikikosewa mara saba, mguu wa kulia na wa kushoto havilingani, na mkaguzi anaona kabla hajakufikia. Wengine hupitisha sabuni kavu upande wa ndani wa mkunjo ili ushike. Wakizidisha, mvua ikinyesha gwarideni povu linachungulia.

Uzi mwekundu si adhabu, ingawa kwa mtoto wa miaka 15 ulifanana nayo. Nguo zote ni sare, zinafuliwa pamoja na kuanikwa pamoja, sasa utajuaje yako? Jina linagongwa kwanza kwa mhuri wa mbao na rangi, nyeusi kwenye nguo nyeupe, nyeupe kwenye nguo nyeusi, kisha linashonwa juu yake kwa mshono wa mnyororo. Mwenye jina la herufi nne alilala mapema. Kosa la kawaida ni kuvuta uzi kwa nguvu: kitambaa kinajikunyata, herufi zinapanda mlima, na kazi yote inafumuliwa. Siku ya ukaguzi nguo zinakunjwa upana wa kitabu cha ubaharia na kupangwa mstari mmoja, majina yakitazama juu.

Halafu usihangaike na neno *dhobi* ukilisikia. Ni dobi wetu huyuhuyu. Lilitoka India likapanda meli za Waingereza, kwao likawa kufua na nguo zenyewe za kufuliwa.

mfasiri_wa_usiku
Ahsanteni sana, fimbo nimeiona! Mawili yamebaki. Msimulizi anasema Jumapili kuruta anaruhusiwa "kwenda nchi kavu". Si tayari yuko nchi kavu? Tena anataja mkataba wa miaka 12, na hapohapo anasema mafunzo ni karibu mwaka mmoja.

kasia_la_tano
Usirekebishe. Kituo kina jina la meli na kinaendeshwa kama meli. Sakafu ni sitaha hata ikiwa ya saruji, na ukivuka geti umeshuka pwani. Ukiandika "alitoka kambini" umeua ladha yote. Andika "nchi kavu", mtazamaji ataelewa kwa picha.

Miaka 12 ilianza kuhesabiwa siku anapofikisha 18. Kwa hiyo aliyetia saini na mzazi wake akiwa na miaka 15 alijifunga karibu miaka 15, na Shotley ilikuwa mwanzo tu. Majuma ya kwanza hakukaa hata kwenye kituo kikuu, alikaa jengo la pembeni akifundishwa hayo ya uzi na pasi. Mwaka 1972 Uingereza ilipandisha umri wa kumaliza shule hadi 16, na hapo kuruta wa miaka 15 akawa hapatikani tena. Kituo kilipofungwa, mafunzo yakaenda HMS Raleigh, kituo kingine cha nchi kavu kule Cornwall.

Kama filamu inaonyesha mashua, ile ya futi 27 ina makasia matano, matatu kulia na mawili kushoto. Usidhani kuna mtu hayupo. Ndivyo ilivyoundwa, na mshika usukani ndiye anayeinyoosha. Utaona pia kijana akipinduka chali bila kuguswa na mtu. Amezamisha jani la kasia kwa kina: mashua inasonga mbele, maji yamelikamata jani, mpini unarudi na kumpiga kifuani. Jani linatakiwa lifunikwe na maji tu, lisizame. Waingereza hapo husema "amekamata kaa". Msimulizi akilitamka hilo, kaa mwache baharini, andika kwamba kasia limemshinda.