Mjadala: Kuchanganya midundo kunautukuza weusi wetu, au ni biashara tu?

Mwana wa Kariakoo (mleta mada): Wakuu, jana nimekesha na santuri za Fela Kuti, yule Mnigeria wa Afrobeat. Jamaa alichukua highlife ya Ghana, jazi, fanki ya Marekani na ngoma za Kiyoruba, akapika chungu kimoja. 1969 alikwenda Marekani, dada mmoja wa Black Panther, wale wapigania haki za weusi, Sandra Izsadore, akamfungua macho, karudi Lagos mtu mwingine. 1977 wanajeshi wakamchomea nyumba na mama yake wakamtupa dirishani. Sasa nauliza: vijana wetu wanaochanganya Bongo Flava na amapiano ya Afrika Kusini, wanautukuza weusi wetu au wanauza bia? Maana sisi huku hatujawahi kupata mtu wa aina ile. Taarab yenyewe ya Waarabu.

Kinanda Kibovu: Hiyo ya kuuza bia inalipa kodi za nyumba za watu, mkuu. Na huyo mkombozi wako alioa wanawake 27 kwa mpigo, hilo mbona umeliruka?

Binti Ng'ambo: Nimefika mstari wa mwisho nikaweka kikombe chini. Taarab ya Waarabu?

Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa Zanzibar, alizaliwa Fumba, shamba Unguja, wazazi wake watumwa. Aliingia mjini akiuza vyungu alivyofinyanga mama yake, watu wakamcheka kwa kaniki yake. Huyo ndiye aliyeitoa taarab kwenye Kiarabu cha barazani kwa Sultani akaiimba kwa Kiswahili, Ng'ambo, mtaa wa makabwela wa mjini Unguja, kwa wapishi na wachukuzi. Sauti za Misri zimo, za Kihindi zimo, ngoma zetu zimo. Mwanamke mjamzito akauawa, muuaji akatorokea bara, wakafungwa wanawake mashahidi. Siti kaiimba kesi hiyo mji mzima ukaijua. Fela alikuwa hajazaliwa.

Mzee wa Sindimba: Dada, punguza jazba. Historia ni historia. Sultani Barghash ndiye aliyempeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi. Sasa mwenyewe nani? Halafu huyo Siti alirekodi Dar miaka ya thelathini huko, msimkuze.

Binti Ng'ambo: Bombay. 1928. Bibi yangu alikuwa na santuri yake moja, ile ya kibandiko cha mbwa anayesikiliza gramafoni. Aliifunga ndani ya kanga, akaiweka chini ya kitanda, juu ya sanduku la sanda yake. Ukiigusa unachapwa. Sindano ilikuwa inaruka palepale kila mara, mpaka leo nikiuimba ule wimbo naruka hapohapo. Usinifundishe Siti alirekodi wapi.

Chuma cha Tanga: 😂😂 Kwa hoja ya Mzee, gitaa la Mbaraka Mwinshehe tulirudishe Hispania.

Mzee wa Sindimba: Wewe Chuma huna hoja, una meno tu. Na huyo dada nishamsoma kwenye nyuzi nyingine, kasema bibi yake Mngazija, mtu wa Komoro. Weusi anautolea wapi?

Binti Ng'ambo: Haya, yametoka. Mngazija si mweusi? Nenda Malindi pale useme hivyo mbele ya wazee uone utarudi na bakora ngapi. Ndiyo maana Siti walimcheka, kwa watu wa akili hizi.

Kinanda Kibovu: Malindi ya Unguja au ya Kenya?

Chuma cha Tanga: Kinanda nyamaza.

Mwana wa Kariakoo: Jamani. Nilivyosema ya Waarabu nilimaanisha ala, si watu. Udi, kanuni, fidla...

Binti Ng'ambo: Ulimaanisha ulichoandika. Fela alipuliza saksafoni, kaitengeneza Mbelgiji, hukusema Afrobeat ni ya Ubelgiji. Kwake umesikia ujumbe, kwetu umeona udi tu. Na hao vijana wa amapiano siwalaumu mdundo, nawauliza wanaimba nini juu yake. Siti alikuwa na la kusema.

Mzee wa Sindimba: Ngazija bado hujanijibu.

Mwana wa Kariakoo: Dada, hiyo santuri bado ipo?

Binti Ng'ambo: Ipo. Haiuzwi, na wewe hata kuigusa huigusi.