Kambi ya vijana Lushoto: tuanze na nini?

Mwalimu wa vijana, Tanga: Shalom wapendwa. Usharika umepewa shamba Lushoto, tunataka kambi ya vijana 60 likizo ya Juni. Tuna maturubai na masufuria mawili tu. Tuanze na nini?

Mpishi wa kambi: Choo, mwanangu! Mwaka jana kwetu matundu 2, watoto 90. Foleni ilianza saa kumi alfajiri, ibada ya asubuhi ikakosa watu. Chimbeni 4, wasichana kwao, wavulana kwao.

Mzee wa kanisa: Na mablanketi. Baridi ya Juni Lushoto si mchezo, hao wa Tanga mjini watatetemeka. Wazazi wasaini barua kabla basi halijaondoka.

Mwalimu wa vijana: Shikamoo mzee, asante mama. Basi turubai tutapikia, kulala naenda kuomba madarasa ya shule jirani.