Naomba ushauri: kusafisha picha za bangili za shaba bila kupoteza uhalisia

Wadau, habari zenu. Nauza bangili na hereni za shaba ya njano zinazotengenezwa na mafundi wa Kibera, wale wanaoyeyusha kufuli kuukuu na koki za mifereji ya maji zilizotupwa. Picha napiga kwa simu, kisha narekebisha kwa Snapseed, programu ya simu ya kuhariri picha, kabla ya kuziweka Instagram.

Shida kubwa ni rangi. Nikipigia kivulini, shaba inatoka na ukijani fulani kama imeshika kutu. Nikiongeza joto la rangi, yaani kuipa picha umanjano zaidi, inageuka dhahabu kabisa, na sitaki mteja adhani ni dhahabu. Juani nako, uso uliong'arishwa unatoa mng'ao mweupe unaofuta kila kitu, na simu yangu yenyewe inaonekana ndani ya bangili!

Jambo la pili linanikera zaidi. Kile kifaa cha kufuta madoa ndani ya Snapseed kinaondoa vumbi na alama za vidole vizuri, lakini kinalainisha pia alama za nyundo. Hizo si kasoro jamani, ndizo zinazoonyesha kazi ya mkono. Zikifutika, bangili inafanana na ya kiwandani.

Nimesikia kuna wanaoweka karatasi nyeupe kando ya bidhaa ili wapate rangi sahihi, na wengine huzuia mng'ao kwa kitambaa chepesi cheupe dirishani. Aliyejaribu anieleze: kitambaa kikae umbali gani? Na mikwaruzo midogo ya msasa, mnaifuta au mnaiacha mteja aione?