Nakaa sokoni kutwa, nipunguze uzito vipi?

Muuza mitumba, Kibuye: Wadau, kazi yangu ni kukaa kwenye stuli. Asubuhi chai ya maziwa na mandazi mawili, saa nne soda, jioni ugali kama wa mtu aliyetoka kulima. Sasa nguo ninazouza hazinitoshi mwenyewe! Gym sina pesa wala hamu. Nianze na kipi?

Nyakach: Soda, dada. Ya nusu lita hubeba sukari gramu 50 hivi, yaani vijiko vya chai kumi na viwili, na njaa iko palepale. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi kiasi hicho kwa siku nzima. Umekimaliza saa nne, na chai hujaihesabu.

Mpishi wa Dunga: Ugali usiuache, omena utaila na nini? Kata kipande kidogo, halafu mboga ya managu au mrenda ijaze nusu ya sahani. Omena nayo ichemshe na nyanya. Ile ya kuogelea kwenye mafuta ndiyo inatuponza huku ziwani.

Utingo: Unatokea Kondele? Acha tuktuk, tembea. Si mbali, na nauli inabaki mfukoni.

Muuza mitumba, Kibuye: Natokea Kondele kweli. Kutembea sawa, ila si na gunia. Soda nimekubali, kwa shingo upande. Na mandazi je?

Nyakach: Moja. Na usiongeze sukari kwenye chai ukijifariji.