MREJESHO: Moto wa njano kwenye jiko la gesi

Wakuu, niliwauliza kwa nini plate moja ya jiko langu inatoa moto wa njano na kujaza sufuria masizi, wakati ya pili inawaka bluu safi.

Wengi mlisema mtungi unaisha. Siyo, ingekuwa hivyo zote mbili zingeugua. Nilifunga gesi kwenye regulata, jiko likapoa, nikavua bana (kile kichwa kinachotoa moto). Kwenye kibomba kinachochanganya gesi na hewa mlikuwa na utando wa buibui ulioganda mafuta! Hewa ikikosekana gesi haiungui yote, ndipo yanapotoka masizi na kaboni monoksidi, ambayo haina hata harufu.

Kibomba nimekisugua kwa brashi ya chupa, bana nimeiosha kwa maji ya moto na sabuni, ikakauka kabisa. Aliyesema nichokonoe nozeli (kitundu kinachotoa gesi) kwa sindano, ahsante ila hapana: tundu likipanuka gesi inazidi na njano inarudi.

Kabla ya kuwasha nilifungua gesi, nikapaka povu la sabuni kwenye maungio nione kama gesi inavuja. Regulata safi, ila mpirani, karibu na kibano, vipovu vikachomoza. Kumbe umepasuka! Nikafunga, nikanunua mpya, nikapima tena. Sasa plate zote bluu.