Naomba ushauri: nataka kwenda kuona chumba changu cha zamani hosteli

Wakuu, habari zenu. Nilimaliza chuo miaka mingi iliyopita, na mwezi ujao nina safari inayopita karibu na pale. Natamani kuingia hosteli niliyoishi, hasa kile chumba cha ghorofa ya juu ambacho mlango haukufungika mpaka uusukume kwa goti. Ndani ya kabati tulichonga majina yetu. Sijui kama wameshapaka rangi.

Tatizo, sasa hivi kuna wanafunzi wengine wanaishi humo. Mtu mzima na kitambi changu nikagonge mlango wa vijana, si wataniitia mlinzi? Nianzie kwa wadeni (msimamizi wa hosteli) au ofisi ya chuo? Na likizo ni afadhali, au ndiyo hosteli zinafungwa kabisa? Waliowahi kurudi, mlipokelewaje?