MJADALA: Video ya bustani ambayo bado ni mchoro, ni habari au ni tangazo?

Mpenda Pembea (Unguja)
Wadau, asalaam aleikum na habari za jioni. Naleta hoja hii nikiwa na uchungu. Wiki hii kundi letu la wapenzi wa bustani za michezo limesambaza tena ile video ya bustani ya Dragon Ball, ile katuni ya Kijapani, ya Qiddiya, Saudia, ile yenye joka Shenron la mita 70 na rolakosta (gari la reli la kupanda na kushuka kwa kasi) ndani yake. Watu wanapongezana utadhani wametoka kuipanda. Video hiyo ilitolewa Machi 2024 na ni mchoro wa kompyuta mwanzo hadi mwisho. Tangazo lenyewe halikuja hata na tarehe ya kufungua.

Mmesahau Dubai? Mwaka 2007 ilitangazwa bustani ya Universal Studios Dubailand. Wakasimamisha lango, 2008 fedha za dunia zikakauka, lango likabaki jangwani peke yake miaka na miaka. Ikaja bustani nyingine, Six Flags ya Dubai, ujenzi ukaanza kabisa, halafu sijui 2018 au 2019 ikafutwa kwa kukosa fedha. Michoro yote hiyo tuliisambaza sisi wapenzi, bure.

Napendekeza hivi: anayeleta video ya ujenzi aandike tarehe yake, aseme kipi kimejengwa na kipi kimechorwa. Asiyejua asilete. Maoni yenu tafadhali.

Kijana wa Muttrah (Muscat)
Yakhe, umeamkia upande gani leo? Falcon's Flight, rolakosta ya bustani ya Six Flags hapo hapo Qiddiya, nayo ilianza kwa mchoro. Walipoitangaza 2019 mlisema hapa hapa kwamba gari haliwezi kushushwa kutoka kwenye jabali la Tuwaiq. Ipo sasa! Kilomita 250 kwa saa, njia yake inapita kilomita 4, na bustani imefunguliwa siku ya mwisho ya 2025. Tungewasikiliza nyinyi, miaka yote ile tungekaa kimya.

Na nikwambie kweli, mtu ambaye pembea kubwa aliyowahi kupanda ni ya sikukuu pale Kariakoo, Unguja, hana kipimo cha kupimia Qiddiya.

Fundi Nguzo (Mombasa)
Six Flags ya Dubai ilifutwa 2019.

Mimi nachomelea vyuma, basi nisaidie kidogo. Video ya ujenzi wa kweli ina uchafu. Tazama chini, usitazame juu. Utaona misingi ya zege na boliti zimechomoza, nyingine zimeviringishwa plastiki zisiharibike. Utaona vipande vya reli vimelazwa juu ya magogo, kila kimoja kina namba yake, na ncha zina bapa lenye matundu ya kufungia. Kwenye mchoro, nguzo inatoka mchangani moja kwa moja, haina msingi wala boliti. Ukilijua hilo hudanganywi tena, na hatuhitaji sheria ya kukataza mtu.

Mpenda Pembea (Unguja)
Muttrah, la Kariakoo umelisema wewe, kwa hiyo nitakujibu kwa Kariakoo. Pembea zile nimepelekwa na marehemu babangu kila Idd. Unafika na shati jipya, unatoa pesa yako, unapanda, unashuka na koni ya barafu. Hazijawahi kutangazwa kwa video ambayo haina kitu nyuma yake. Babako na babangu walipangana mstari mmoja pale kabla familia yenu haijahamia huko, na leo unapaona padogo. Usitudharau kwa kuwa umekaribia viwanja vya ndege vikubwa.

Kijana wa Muttrah (Muscat)
Sikudharau pembea, nimesema kipimo. Aliyepanda rolakosta ya Formula Rossa pale Ferrari World Abu Dhabi, wakamvalisha miwani kwa sababu ya mchanga na upepo, akaenda kilomita 240 kwa saa, ndiye atakayekwambia hizi 250 maana yake nini. Ile ipo tangu 2010. Mimi nimeipanda. Wewe je?

Binti Kisauni
Kwa hiyo sasa lazima mtu apande ndiyo aruhusiwe kuongea? Kaka Muttrah, hilo si sawa hata kidogo. Kakangu mkubwa amekaa Ghuba akijenga hoteli na viwanja, hajapanda chochote kati ya hivyo, na anavijua kuliko wewe mwenye tiketi. Tena mimi kinachonichoma kwenye hizo video ni kimoja. Mtu anayefanya kazi simwoni. Nawaona watoto wanakimbia, familia zinacheka, miti ya kijani katikati ya jangwa. Aliyeshika nondo yuko wapi?

Mzee wa Leicester
Wanangu, niwatoe Ghuba kidogo. Huku Uingereza tulitangaziwa bustani ya London Resort, pale Swanscombe, Kent, mwaka 2012, na jina la Paramount, kampuni ya filamu, juu yake. Michoro ilikuwa ya kukutoa machozi. Ikaja kugundulika ile ardhi ina viumbe adimu, akiwemo buibui mmoja mrukaji. 2021 eneo likawekwa chini ya ulinzi wa mazingira, 2022 wakaondoa maombi yao ya ujenzi. Wajukuu zangu waliokuwa wakiniuliza "lini, babu?" sasa wana ndevu.

Sasa watu wa Universal wamekuja na ya Bedford. Serikali ilitangaza Aprili 2025, inakusudiwa kufunguliwa 2031. Hii naiamini zaidi, na sababu yangu si video. Hawa walinunua ardhi kwanza, wakatangaza baadaye.

Kijana wa Muttrah (Muscat)
Shikamoo Mzee. Yaani buibui ndiye aliyezuia bustani nzima?

Mzee wa Leicester
Marahaba mwanangu. Buibui na fedha. Ila buibui ndiye aliyeingia magazetini.

Mlinzi Mstaafu (Tanga)
Dada Kisauni ameuliza aliyeshika nondo yuko wapi. Nitamjibu mimi.

Nimewahi kuwa mlinzi kwenye bustani moja huko Ghuba, jina naliacha. Kabla ya kufunguliwa walikuja wapiga video. Msimamizi akapita na orodha yake. Walinzi, wafagiaji na wabeba mizigo wote tutoke kwenye picha, twende nyuma ya uzio wa mabati mpaka tuitwe. Saa saba mchana. Kule nyuma hakuna paa. Tulikaa tukiwa tumejifunika vichwa kwa makoti ya kazi, dumu la maji moja, na maji yenyewe ya moto. Upande wa pili tunasikia muziki wao na wale waliokodiwa kucheza familia wanaambiwa wacheke tena. Video ile niliiona baadaye kwenye simu, imetumwa na mpwa wangu wa Tanga: "Mjomba, unafanya kazi pazuri!"

Kijana wa Muttrah (Muscat)
Pole sana mzee wangu. Lakini tusiwapake wote matope. Saudia kazi za juani zimepigwa marufuku saa sita hadi saa tisa mchana, kuanzia katikati ya Juni mpaka katikati ya Septemba. Sheria ipo.

Mlinzi Mstaafu (Tanga)
Kanuni naifahamu, ilibandikwa ukutani. Mimi nimekwambia nilipokaa, wewe unanisomea karatasi.

Binti Kisauni
Jibu hilo, kaka.

Kijana wa Muttrah (Muscat)
Najibu. Mimi si serikali wala si mwenye bustani. Mimi napenda rolakosta tangu utotoni na nataka kuziona zikijengwa upande huu wa dunia, nisipande ndege kwenda Marekani kila nikitaka raha. Mapenzi yangu yamegeuka dhambi lini?

Mpenda Pembea (Unguja)
Hakuna aliyesema dhambi. Ila umeona video moja imefanya nini? Imemficha mzee wetu nyuma ya mabati, na mpwa wake ndiye aliyeisambaza. Sisi ndio mpwa yule. Hiyo ndiyo hoja yangu tangu mwanzo.

Fundi Nguzo (Mombasa)
Ndugu Pembea, tangu mwanzo hoja yako ilikuwa michoro. Video ya mzee ilipigwa kwenye bustani iliyokwisha kujengwa. Hayo ni mambo mawili, usiyafunge kamba moja.

Na kabla hatujaondoka kwenye Falcon's Flight, ile rekodi ya kimo mimi naitilia shaka. Mita 195 za matangazo zinahesabu mpaka bonde lililo chini ya jabali. Rolakosta ya Kingda Ka ya New Jersey, Marekani, ilisimama kwenye ardhi tambarare, mita 139 zote za chuma.

Kijana wa Muttrah (Muscat)
Kingda Ka imelipuliwa Februari 2025! Unashindanisha kilichopo na kifusi?

Fundi Nguzo (Mombasa)
Nalinganisha kazi ya chuma. Kingda Ka ilirusha gari kwa mfumo wa mafuta ya shinikizo na kebo, kilomita 206 kwa saa, tangu 2005. Kuna siku nyingine gari lilikuwa halifiki kileleni, linarudi nyuma lilikotoka, na breki zinalipokea. Hiyo ndiyo iliyokuwa raha yake. Falcon's Flight inasukumwa kwa sumaku za umeme, ni kazi tofauti, na naiheshimu. Lakini mlima si kazi ya fundi.

Kijana wa Muttrah (Muscat)
Kuijenga reli juu ya mlima ni kazi ya nani basi? Ya mbuzi?

Mzee wa Leicester
Wanangu, taratibu. Nina swali kwa ndugu Pembea. Disneyland ya Abu Dhabi, iliyotangazwa Mei 2025, nayo utaizuia hapa? Mchoro wake ni kasri la kioo kando ya maji.

Mpenda Pembea (Unguja)
Shikamoo Mzee. Siizuii. Nataka anayeileta aandike kwamba ni mchoro, na aandike nani anatoa pesa. Pale Disney haiweki mtaji. Kampuni ya Miral ya Abu Dhabi ndiyo inayojenga, inayolipa na itakayoendesha. Ni kampuni hiyo hiyo ya Ferrari World, ambayo majengo yake tumeyaona yakisimama. Maneno kama hayo yanamsaidia mtu kuliko kasri la kioo.

Kijana wa Muttrah (Muscat)
Kuandika "mchoro" sina shida. Kukatazwa ndiko ninakokukataa.

Mama Salma (Dar)
Samahanini wadau, nimeingia katikati. Hivi hiyo ya Dragon Ball imeshafunguliwa? Nimetumiwa video na dada yangu, mwanangu hanipi nafasi ya kupumua, na mume wangu yuko Riyadh kikazi. Tunataka twende likizo.

Mpenda Pembea (Unguja)
Hapana dada yangu. Uliyoiona ni mchoro. Wadau, mmesoma hapo lakini?

Kijana wa Muttrah (Muscat)
Bado, shemeji, ila Six Flags ipo Qiddiya hapo hapo, kama kilomita 40 kutoka Riyadh. Mtoto ana kimo gani?

Mama Salma (Dar)
Ana miaka tisa, ananifika begani. Alishaanza kuchora joka ukutani.

Fundi Nguzo (Mombasa)
Mpime kwa futi kabla hujakata tiketi, na mpime bila viatu. Kila chombo kina kimo chake na pale mlangoni hakuna kubembelezana. Sehemu za watoto zipo, lakini kama amejiandalia ile ya kilomita 250, mwambie sasa hivi akiwa nyumbani.